Mashine Iliyomtunza Nahodha

Wasikilizaji wapendwa, nimewaachia sauti hiyo kwa muda kidogo kabla sijafungua mdomo. Mmeisikia. Najua wengine mmeacha mlichokuwa mnafanya. Umesimama hapo na kijiko mkononi, unajiuliza: hicho si chombo cha Nahodha kinasafiri?

Ndicho. Lakini sauti hiyo ni cherehani. Ni cherehani ya kukanyaga, nyeusi, yenye pedali inayolalamika kidogo upande wa kushoto. Leo imebebwa mpaka hapa studio, imewekwa mbele yangu, na anayeikanyaga ni binti wa marehemu. Ameniomba nisiseme mengi juu yake. Nitasema kidogo tu, na atanisamehe.

Nahodha amefariki. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi. Nahodha, mtunzi na mwigizaji wa mchezo wetu wa safari za angani, amefariki dunia. Amefia nyumbani kwake, kitandani kwake, mchana. Tumemzika. Leo tunamkumbuka, na nawaonya mapema kwamba kumbukumbu hii si nyepesi. Mimi mwenyewe nimekuja na leso mbili.

Tuanze na vya kuchekesha, maana yeye angetaka hivyo. Nahodha huyu, aliyewapeleka nyinyi nyote nje ya mwezi na ng'ambo ya jua, hakuwahi kupanda hata ndege. Aliogopa ngazi. Taa ya sebuleni ikiungua, aliyepanda juu ya kiti kubadilisha ni mkewe, na yeye alishika kiti kwa mikono yote miwili huku amefumba macho. Lakini mtaani kote aliitwa Nahodha. Muuza mkate alimwita Nahodha. Daktari wake wa meno alimwita Nahodha.

Alianza hapa kwetu kama msomaji wa taarifa za hali ya hewa. Hakudumu. Siku moja alisoma kwamba kesho kutakuwa na mawingu, kisha akaongeza kwa sauti ileile ya kiofisi kwamba kesho kutwa hajui na asiulizwe yeye. Mkuu wa vipindi wa wakati huo hakuwa mtu wa utani. Akamhamishia kitengo cha michezo ya kuigiza, kama adhabu. Adhabu hiyo akaifanyia kazi maisha yake yote.

Mke naye alimpata humuhumu ndani ya redio. Mama huyo alikuwa fundi wa kushona nguo na mapazia. Redio ilimwita aje apime madirisha ya studio, ashone mapazia mazito ya kuzuia mwangwi. Akapanda juu ya meza na kipimo chake, akawa anajitajia vipimo kwa sauti ili asivisahau. Kijana wetu alikuwa chumba cha pili, amevaa visikizio masikioni, na kipaza sauti cha studio kilikuwa wazi. Kwa hiyo aliisikia sauti kabla hajamwona mwenye sauti. Ilikuwa sauti kavu, tulivu, isiyo na haraka na mtu.

Mama mwenyewe aliniambia: "Aliingia pale mlangoni akanitazama kama nimemfufua. Mimi nikajua anataka kubadilisha rangi ya pazia."

Wakaoana. Nyumbani alimwita Fundi. Wakiwa kazini na mbele ya watu alisema "mke wangu", lakini wakibaki wenyewe ilikuwa ni Fundi, Fundi, Fundi. Hebu lishikeni jina hilo.

Sasa, mchezo. Vijana mnaoujua kwa kusimuliwa tu, nisikilizeni. Ulianzia kwa mama mzazi wa Nahodha, ambaye uzeeni alianza kusahau. Siku moja Nahodha alikwenda kumwona. Mama akamshika shavu, akamwambia, una sura nzuri, wewe ni mtoto wa nani? Nahodha alirudi nyumbani, hakula, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyake. Akamwambia mkewe: "Mama yumo ndani ya chombo. Kinaondoka. Sisi tumebaki chini tunapunga mikono, na yeye anadhani ni sisi tunaoondoka."

Hapo ndipo chombo kilipozaliwa. Katika mchezo ule, nahodha mmoja yuko peke yake angani katika zama zijazo, na kila chombo kinavyozidi kwenda mbali na nyumbani, kichwa chake kinazidi kuwa chepesi. Leo anasahau ladha ya chumvi. Kesho anasahau njia ya kutoka nyumbani kwenda dukani. Haumwi, hapigwi na mtu. Ni umbali tu unaomla. Ndani ya chombo kuna mashine moja yenye sauti, na kazi ya mashine hiyo ni kumwambia kila asubuhi yeye ni nani.

Nahodha aliigiza nahodha. Na mashine aliiigiza nani? Mkewe. Sauti ile kavu, tulivu, isiyo na haraka na mtu.

Namna walivyorekodi ndiyo iliyowafanya wenzetu wa redio nyingine wakae wakijiuliza. Hapa tulikuwa na kanda za sauti za kila aina: ngurumo, injini, mlipuko, vyote. Nahodha alizikataa. Alisema sauti ya dukani haina jasho la mtu. Akarekodi nyumbani kwake, chumbani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Birika likichemka, hizo ni injini zinawaka. Zipu ya begi la safari ikivutwa taratibu karibu na kipaza sauti, huo ni mlango wa chombo unafunguka. Mchele ukimwagwa kwenye sinia, hilo ni vumbi la nyota linagonga ukuta wa nje. Na chombo chenyewe kikisafiri, ni cherehani ya mkewe, hii mnayoisikia.

Mama alikaa kabatini. Ndani ya kabati la nguo, wasikilizaji, katikati ya makoti, kwenye stuli, mlango umeachwa wazi kidogo. Nguo zinameza mwangwi, na sauti inatoka kama inasemea ndani ya sikio lako. Ndiyo maana mlipoisikia mashine ile mlihisi iko chumbani mwenu. Ilikuwa chumbani kweli, ila kwao.

Kila kipindi kilimalizika namna moja. Nahodha aliipa mashine ujumbe wa kumpelekea mkewe aliyebaki nyumbani. Na mashine ilijibu: "Nimepokea, Nahodha. Nitaufikisha." Mama akienda sokoni, watu hawakumwuzia nyanya mpaka awaambie nimepokea. Watoto wa mtaani walimwita Bi Mashine. Alijifanya anakasirika, na hakuna aliyemwamini.

Nanyi mkauliza, miaka nenda miaka rudi, kwa simu na mlipokutana nasi njiani: je, ule ujumbe ulikuwa unafika? Hakuna aliyewajibu, kwa sababu chombo hakikutua. Mchezo ulisimama nahodha akiwa bado angani. Wakubwa wetu walimsihi aandike mwisho. Akakataa katakata. Mimi nilikuwepo ofisini siku hiyo, nilikuwa mgeni kazini, nimekaa kwenye kona nimejibana kama mwavuli uliofungwa. Alisema: "Chombo kikitua, lazima mlango ufunguke. Mlango ukifunguka, lazima amtazame mkewe. Mimi sijui atamwambia nini. Nyinyi mnajua?"

Akachukua kofia yake akatoka.

Miaka ikapita. Nahodha akastaafu, lakini aliendelea kuja hapa kunywa chai na kutukosoa. Alinikosoa mimi zaidi ya wote. Alisema nasoma majina ya marehemu kama ninaita wagonjwa zahanati. Nilimpenda kwa hilo. Sikumwambia, lakini leo nasema, nilimpenda kwa hilo.

Kisha siku moja akaingia, akanipa mkono, akasema: "Karibu kazini, kijana. Wewe ndiye mgeni?"

Nilicheka. Nilijua ni utani wake. Nikamtazama machoni, nikaona hakuna utani pale. Kikombe changu kilikuwa mkononi, na sikumbuki nilikiweka wapi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Alipotea mtaa wake mwenyewe. Aliwahi kuvaa koti la mkewe na kubishana na kila mtu kwamba ni lake. Akawa mkali, yeye ambaye hakuwahi kupandisha sauti ila akiwa kazini. Mama akimwambia, mimi ni mkeo, alimtazama kwa adabu na kwa hofu, kama unavyomtazama mtu aliyeingia nyumbani kwako bila kubisha hodi. Akimletea chakula, aliuliza kimeletwa na nani. Akimshika mkono, aliuondoa polepole.

Siku moja mama alikuwa ameingia kabatini kutafuta shuka. Kichwa kiko ndani, katikati ya makoti. Akasema tu, peke yake, kwa kuchoka: "Sasa hii shuka iko wapi?"

Kutoka kitandani sauti ikajibu, imara, sauti ya zamani: "Nakusikia, Mashine. Toa taarifa."

Mama aliniambia hakugeuka. Alisimama mle ndani na uso wake kwenye koti. Halafu akasema kwa ile sauti: "Habari za asubuhi, Nahodha. Wewe ni nahodha wa chombo hiki. Una mke na binti. Chakula chako kiko tayari." Naye akainuka akala. Alikula chote, akashukuru.

Basi ikawa hivyo. Wasikilizaji wapendwa, nawaomba mliweke hili moyoni. Mama huyu, mtu mzima mwenye magoti mabovu, aliweka tena ile stuli ndani ya kabati. Kila asubuhi aliingia, akavuta mlango, akamwambia mumewe yeye ni nani. Na nyumba nzima ikageuka chombo. Birika likilia jikoni, Nahodha alishika ukingo wa kitanda maana injini zimewaka. Mgeni akifungua zipu ya mkoba, alipiga kelele kwamba hewa inatoka nje. Binti yao, ambaye siku hizi ndiye anayeshona kwa cherehani ya mama yake, alilazimika kushona mchana kutwa. Akisimama, baba alianza kuhangaika: tumekwama, chombo kimekwama.

Na akaanza tena kutuma ujumbe. Kila jioni kabla ya kulala, kama kwenye mchezo. "Mashine, mwambie mke wangu." Mama yumo kabatini, anasikiliza ujumbe wake mwenyewe.

"Mwambie mke wangu kile kipaza sauti hakikuachwa wazi kwa bahati mbaya. Nilikifungua mimi, niendelee kumsikia akitaja vipimo."

"Nimepokea, Nahodha. Nitaufikisha."

"Mwambie mke wangu nilimwonea wivu. Watu waliipenda mashine kuliko nahodha, na nahodha alikuwa mimi."

"Nimepokea, Nahodha. Nitaufikisha."

Mama alinisimulia haya akicheka na kupangusa macho. Mambo ambayo mumewe hakuwahi kumwambia ana kwa ana, aliyasikia akiwa amekaa gizani katikati ya makoti, na hakuruhusiwa kujibu. Kisha ikaja jioni moja akasema: "Mwambie mke wangu asinisubiri. Safari hii haina mwisho mzuri. Akipata mtu mwema, aolewe."

Ndani ya kabati stuli ikalia. Halafu mashine ikasema: "Nimepokea, Nahodha. Lakini huo sitaufikisha."

Nahodha akacheka mpaka akakohoa. "Hii mashine imeota kiburi," akasema, akalala.

Binti hakuwa anacheka. Niseme ukweli, na ananitazama hapa huku anakanyaga, alikuwa na hasira na jambo lote. Nilikwenda kuwajulia hali, nikawakuta jikoni wanabishana kwa sauti za chini.

"Mama, kila siku anaongea na mashine. Na wewe, nani anaongea na wewe?"

"Anaongea na mimi."

"Haongei na wewe. Anaongea na kabati. Unajizika mwenyewe mama, na mimi nakaa pale nakanyaga cherehani nakusaidia kujizika. Mwambie wewe ni mkewe. Mwambie kila siku mpaka imwingie."

"Nilimwambia. Anaogopa."

"Basi aogope. Na wewe je?"

Mama alikuwa anakatakata kitunguu. Akaweka kisu chini. Akasema, na hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayeagiza kitu dukani: "Mimi nataka aniite Fundi. Mara moja tu. Nimechoka kupokea ujumbe wangu kwa niaba yangu."

Hapo ndipo akanigeukia. Akasema: "Wewe unajua kusoma mambo ya kituo cha chini?"

Kwenye mchezo, kituo cha chini ni ile sauti inayoongoza vyombo kutoka ardhini. Nikasema najua. Akasema vizuri, tutakitua hiki chombo.

Ndiyo, wasikilizaji. Kile ambacho Nahodha alikataa kukiandika, mkewe alikiandika jikoni, kwa mdomo, kitunguu kikiwa ubaoni. Mpango ulikuwa rahisi. Chombo kikishatua, hakuna tena angani. Hakuna tena mashine. Kuna nyumbani, na nyumbani kuna mke. Binti alisema haitafaa. Kisha akauliza ashike nini.

Tukafanya mchana, jua likiwa dirishani. Nilisimama nje ya mlango wa chumba na kopo mdomoni ili sauti yangu iwe ya mbali. "Kituo cha chini kinaongea. Nahodha, una ruhusa ya kutua." Mama yumo kabatini. Birika limewekwa juu ya jiko dogo pale karibu na mlango, likaanza kulia. Nilimwaga mchele kwenye sinia kwa mkono mwingine, nusu ukaenda sakafuni. Na binti kwenye cherehani akaanza kupunguza mwendo.

Laiti mngemwona. Aliketi wima kitandani, mikono yake ikaanza kutembea hewani, huku swichi, kule usukani. Mtu aliyekuwa hajui tena choo kiko upande gani wa nyumba yake, alijua kila kitufe cha chombo ambacho hakijawahi kuwepo. Akatoa amri, mashine ikajibu, akatoa nyingine. Walikuwa wanaigiza tena, wale wawili, na hawakukosea popote. Cherehani ikaenda polepole, polepole, ikasimama.

"Nahodha," mashine ikasema, "umefika nyumbani. Kazi yangu imekwisha."

"Asante," akasema. "Umenitunza vizuri."

Nikamwambia kwa kopo afumbe macho, maana jua la nyumbani ni kali kwa mtu aliyetoka mbali. Akafumba. Mama akatoka kabatini kwa kunyata, goti likalia, sote tukashtuka. Alikuwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Amechana nywele. Akatoka nje ya chumba, akasimama kizingitini, akanikonyeza. Binti akavuta zipu ya begi. Mlango wa chombo ukafunguka.

Nahodha akafumbua macho.

Alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Nilimwona akijitahidi, nilimwona kabisa. Kisha akashusha miguu kitandani, akasimama kwa shida, akafunga kifungo cha juu cha shati. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema. "Unisamehe nimechelewa kuja kujitambulisha. Mimi ndiye nimemuoa binti yako. Yupo?"

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni mtangazaji. Kazi yangu ni maneno. Nililiweka kopo chini.

Mama akasema: "Marahaba, baba. Karibu nyumbani. Yupo, anakuja." Akageuka akaenda jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya jiko tupu, mikono imening'inia. Akasema bila kunitazama: "Hajakosea sana. Siku hizi nimefanana na mama."

Ndicho kile Nahodha alichokiogopa pale ofisini. Aliogopa kwamba mlango utafunguka, na nahodha ataulizia mwanamke aliyemwacha, huku mwanamke huyo amesimama mbele yake na mvi zake.

Naye kule chumbani alianza kuhangaika. Alimsubiri mkewe na mkewe haji. Na nyumba ilikuwa kimya, kimya ambacho hakuwa amekisikia kwa miezi mingi. Akaanza kuita. Hakumwita mkewe. "Mashine? Mashine, uko wapi?" Akaita, akaita, na sauti ikavunjika, akaanza kulia kama mtu aliyepotelewa na mwenzake sokoni. Mzee yule, mwenye sauti iliyowahi kujaza nchi nzima, alikuwa analilia kabati.

Aliyetangulia kufanya kitu ni binti. Yuleyule aliyesema haitafaa, yuleyule aliyechukia jambo zima. Akaketi kwenye cherehani, hakuna kitambaa, hakuna uzi, akaanza kukanyaga. Machozi yanamtoka na anakanyaga. Mama akasikia. Akatoka jikoni na gauni lake jipya, akapita mbele ya mumewe, mbele ya macho yake kabisa, akafungua kabati, akaingia.

"Niko hapa, Nahodha."

"Nilidhani umeniacha," akasema.

"Siendi popote."

Nilirudi nyumbani kwangu kwa miguu siku hiyo. Nilikuwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani.

Hawakujaribu tena kukitua. Chombo kiliendelea na safari. Binti alishona, mama aliingia kabatini asubuhi na jioni, na Nahodha akawa anapungua. Chakula kikapungua, maneno yakapungua. Mwishowe akawa hatumi hata ujumbe. Mama alikaa mle ndani akisubiri, hakuna kitu, ni pumzi tu.

Sasa niwaambie siku ya mwisho kama nilivyoambiwa na binti, aliyekuwa pale kwenye cherehani, mlango wa chumba wazi. Ilikuwa mchana, watu wametoka kula. Mama alikuwa kabatini muda mrefu. Nahodha alikuwa amelala chali, macho yako darini. Akasema, kwa sauti ndogo, wala si ile sauti ya nahodha: "Mashine."

"Nakusikia, Nahodha."

"Mwambie Fundi asikae sana humo kabatini. Magoti yake yanamuuma."

Narudia, wasikilizaji, polepole. Mwambie Fundi asikae sana humo kabatini. Magoti yake yanamuuma.

Jina hilo halimo katika mchezo. Tumezisikiliza kanda zote hapa, moja baada ya nyingine, na hamna mahali nahodha wa angani alipomwita mkewe Fundi. Nahodha wa angani hajui kabati wala magoti. Anayejua hayo ni mtu mmoja tu.

Binti aliacha kukanyaga. Kisha sauti ile kavu, tulivu, ikatetemeka kwa mara ya kwanza tangu muifahamu. Ikasema: "Nimepokea, Nahodha. Nitaufikisha."

Akatoka. Alichelewa kidogo kwa sababu ya yale magoti. Alipofika kitandani, mumewe alikuwa amefumba macho. Akamshika mkono, na mkono haukuondolewa. Hakuamka tena.

Nilimuuliza mama siku ya msiba, nikishindwa kujizuia: alijua? Alijua tangu lini? Alipokuona unaingia na gauni lako, au miezi yote ile? Akanitazama akasema: "Usiniulize mimi. Mimi ni mpokea ujumbe."

Wasikilizaji wapendwa, nimefika mwisho wa niliyonayo. Kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye chombo chake kimeanza kuondoka, ongea naye. Ongea kwa sauti yoyote anayoisikia, hata kama si ile uliyotaka wewe. Siwezi kukuahidi kwamba atakujua. Nimeona kwa macho yangu kwamba anaweza asikujue. Na kama hapo kwenu kuna yule anayemtunza, maana daima yupo mmoja, ambaye hakuna anayemuuliza chochote kwa kuwa sote tunamuuliza habari za mgonjwa, basi leo mfungulie mlango. Muulize magoti yake.

Kwa mama yetu, kwa binti, kwa majirani walioishi na sauti ya cherehani wasilalamike, redio hii inawapa pole. Pole sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe Nahodha, na awape nyinyi mliobaki usingizi.

Mama hakuja studio. Amesema yuko nyumbani, ameketi sebuleni kwenye kiti cha kawaida, mguu juu ya mto, anasikiliza kama nyinyi. Lakini alinipa kazi moja. Alisema: "Miaka yote wale watu walikuuliza kama ujumbe ulifika. Waambie."

Binti, ondoa mguu kwenye pedali.

Umefika.